Silanti Imekataa Kushika: Kusoma Dalili Kwenye Rangi ya Gari Hapa Tanga

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, kabla ya saa 2 asubuhi, mzee jirani yangu hapa Chumbageni alinigongea geti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone nilivyoibiwa."

Noah yake nyeusi, aliyoipaka silanti, ile dawa ya kukinga rangi, jana yake, ilikuwa na ukungu wa kijivu boneti nzima, na juu ya ukungu ule vidoa vya mviringo mfano wa tetekuwanga. Akanipa chupa mkononi. "Dawa feki hii." Nikapitisha kidole taratibu juu ya boneti. Kidole kiliacha mfereji mweusi uliotakata, na kandokando ya mfereji dawa ikajikunja kama samli iliyoganda. Nikamuuliza alianza saa ngapi. Akasema baada ya Alasiri, jua lilipopoa, akamaliza adhana ya Magharibi inaadhiniwa. Na gari lililala wapi? "Hapo hapo, nje."

Chupa haikuwa na kosa. Dawa ilipakwa nene, usiku ukashusha umande kabla haijakauka, na hewa yetu ya pwani ina chumvi ndani yake. Watu wengi wanatupa dawa nzuri na kununua nyingine kwa sababu hii hii, na roho inaniuma kila ninapoona hivyo, maana bei ya chupa moja si ya kuchezea. Kabla hujailaumu dawa, uliza maswali mawili: chini yake kulikuwa na nini, na ulipaka saa ngapi. Karibu kila dalili nitakayoieleza hapa inarudi kwenye moja ya hayo.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Silanti ni kinga ya rangi iliyotengenezwa kwa polima za kiwandani. Inatanda juu ya klia, yaani ile rangi ya juu isiyo na rangi, kama utando mwembamba usioonekana. Waksi ni kitu kingine: iliyo maarufu zaidi, karnauba, hutokana na majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota Brazil, na kwa jua letu hukaa wiki chache tu. Silanti iliyopakwa vizuri hukaa miezi minne mpaka sita. Gari linalolala Raskazone, linalopigwa na upepo wa bahari usiku kucha, usilipe matumaini ya kufika huko mwisho. Koti la seramiki, kinga nyingine iliyo ngumu zaidi, nalo lina mambo yake: likishashika haliondoki kwa sabuni wala kwa alkoholi, linaondoka kwa kusuguliwa na mashine. Kwa hiyo kama gari umelinunua kwa mtu, muulize aliwahi kupaka nini kabla hujaanza kulisumbua.

Nimefuta mpaka mkono umechoka, ukungu hautoki

Hii ndiyo dalili ninayoitiwa zaidi, na ina sababu tatu zinazofanana kwa macho lakini zinatofautiana kwa kidole.

Pitisha kidole kikavu kwenye sehemu yenye ukungu. Kidole kikiteleza na dawa ikajikunja, kama ya mzee wangu, haijakauka. Kidole kikiacha alama safi lakini ukungu ukarudi ukifuta kwa kitambaa, dawa imezidi na kitambaa chako kimeshiba, kwa hiyo unahamisha dawa kutoka hapa kwenda pale. Kidole kikipita pakavu, hakuna utelezi wowote, na ukungu uko pale pale, huo si ukungu wa dawa. Ni rangi yenyewe imefifia, na hapo silanti haina msaada.

Ambayo haijakauka, iache. Sukuma gari chini ya banda penye hewa, subiri saa moja au mbili, kisha jaribu tena kwa kidole. Maelekezo mengi ya chupa husema dakika 15 au 20, lakini yaliandikwa kwa hewa kavu. Hapa Tanga, siku ambayo nguo zimeanikwa asubuhi na adhuhuri bado ni mbichi, dawa hiyo hiyo inaweza kuchukua dakika 45 au zaidi. Saa yako ni kidole.

Iliyozidi, tumia vitambaa viwili vya maikrofaiba. Cha kwanza kinabeba dawa, cha pili, kikavu na kisafi kabisa, kinamalizia. Kigeuze kila baada ya mipito michache. Ikiwa imebaki michirizi isiyotaka kuondoka, chukua tone la dawa ile ile, lisambaze juu ya michirizi kwa sponji, na ufute papo hapo kabla halijakauka. Dawa mbichi hulainisha kavu, ikaja nayo. Watu hawaamini mpaka waone.

Kipimo cha dawa kinawashinda wengi, kwa hiyo niseme kwa vitu vya jikoni. Boneti ya gari dogo inatosha kwa matone manne ukubwa wa punje ya kunde. Gari zima kama IST, vijiko viwili au vitatu vya chai. Ukiona dawa nyeupe imetanda kama uji juu ya rangi, umezidisha mara tatu. Utando wa juu haugusi rangi, kwa hiyo haushiki popote. Utaufuta wote na kuutupa pamoja na hela yako.

Imeganda kama gundi

Hapa uliipaka kwenye bati la moto. Boneti nyeusi juani hupita nyuzi 60 bila shida, na dawa ikifika pale, kimiminika chake kinaruka kabla hujamaliza duara la pili la sponji. Weka mgongo wa mkono juu ya bati. Ukishindwa kuhesabu mpaka tano, usipake.

Kuitoa, hamishia gari kivulini, liache lipoe lenyewe. Usilimwagie maji baridi bati likiwa bado moto, maji yatakauka hapo hapo na kukuachia madoa ambayo ni tatizo lingine kabisa. Likipoa, fanya kama nilivyosema: tone la dawa ile ile, sehemu ndogo kama sahani ya wali, futa mara moja. Usikwangue kwa kucha wala kadi, na usiniletee habari ya sponji ya chuma.

Saa zangu mimi ni kuanzia saa 1 asubuhi, umande ukishafutwa na gari likishakauka, mpaka saa 4. Baada ya hapo naacha, hata kama mlango mmoja umebaki. Jioni sipaki kabisa, ila gari liwe lina pa kulala penye paa.

Maji hayakusanyiki matone

Huyu analalamika: wiki mbili tu, maji yametanda boneti nzima kama kwenye gari ambalo halijaguswa. Anataka kupaka upya. Ngoja kwanza.

Silanti inaweza kuwa ipo lakini imefunikwa. Vumbi jekundu la mashamba ya mkonge, chumvi, moshi wa barabara ya Segera, vyote hukaa juu ya utando na kuuzima. Chukua eneo dogo ukubwa wa kitabu, lioshe kwa shampoo ya gari, suuza, kausha, kisha pangusa kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, suuza tena. Mwaga maji. Yakirudi kuwa matone pale ulipoosha tu, dawa yako iko hai. Gari linahitaji kuoshwa sawasawa, basi.

Yasiporudi, dawa haikushika tangu mwanzo au imeshakwisha. Kama ni ya wiki mbili, haikushika. Na mara nyingi sana hapa kwetu sababu ni mafuta. Vijana wa kuosha magari, baadhi yao, humalizia kazi kwa kitambaa chenye dizeli au mafuta ya taa ili gari ling'ae mteja akija. Linang'aa kweli, na maji yanakimbia kweli, kwa siku tatu. Ukipaka silanti juu ya mafuta hayo, inashika mafuta, haishiki rangi. Mafuta yakiondoka yanaondoka nayo. Sabuni ya unga ya kufulia nayo ina kasoro yake: ikisuuzwa vibaya huacha utando kwenye kona za milango na chini ya vishikio, na chembe zisizoyeyuka hukwaruza.

Kuna jaribio moja la kujua kama rangi iko tayari kupokea dawa. Baada ya kuosha na kukausha, vaa kwenye vidole kipande cha nailoni ya mkate, kisha pitisha vidole juu ya bati polepole. Nailoni hukuza kile ambacho ngozi haikisikii. Ukisikia mchakamchaka kama mchanga, kuna vitu vimeng'ang'ania ndani ya klia: utomvu wa mti, vumbi la chuma la breki, matone ya rangi ya jirani aliyepaka geti lake. Hivyo vinatolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaouzwa kwenye maduka ya vipambo vya magari. Bati liwe limelowa maji ya sabuni yenye utelezi, udongo uupitishe bila kukandamiza, ukunje mara kwa mara upande msafi uwe chini. Ukikudondoka mchangani, utupe. Najua ni ghali, lakini mchanga mmoja ndani yake utachora boneti yote.

Madoa meupe ya duara

Ardhi yetu huku ni ya mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yenyewe ni kazi ya maji ndani ya chokaa. Kwa hiyo maji mengi ya visima hutoka chini yakiwa yamebeba chokaa, na ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika la chai ndio huo huo unaobaki kwenye mlango wa gari tone likikauka. Silanti haizuii madoa haya. Kinyume chake, kwa kuwa inakusanya maji kuwa matone, kila tone linakauka mahali pamoja na kuacha duara lake. Mtu anaona gari lililopakwa lina madoa kuliko lisilopakwa, anadhani dawa imemharibia.

Doa jipya, la siku moja au mbili, linatoka kwa siki na maji, nusu kwa nusu. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa kwa dakika moja, inua, pangusa bila nguvu, suuza kwa maji mengi. Fanya kivulini. Doa la wiki kadhaa lililopigwa jua huwa limeshaila klia kidogo, na ukipitisha kucha utasikia ukingo. Hilo linahitaji polishi, yaani dawa ya kusugulia inayokula klia kidogo, na ukishapiga polishi, silanti ya eneo hilo imekwenda, utapaka upya.

Baada ya kuosha kwa maji ya kisima, usiliache gari likauke lenyewe hata siku moja. Futa. Ukiwa na maji ya bomba, suuza ya mwisho iwe ya bomba. Maji ya mvua uliyokinga kwenye pipa ni bora zaidi ya yote, mradi paa halijatoa kutu.

Kinyesi cha kunguru ni habari nyingine. Kina tindikali, na jua likipasha bati, klia hulainika kidogo na kukipokea. Silanti inakupa muda wa saa chache, haikupi ruhusa ya kuacha mpaka kesho. Lowesha kitambaa, kifunike kinyesi kilainike kwanza, ndipo ukiinue. Ukisugua kikavu, mbegu na mchanga vilivyomo ndani vitachora.

Mlango mmoja unang'aa, wa pili umepauka

Magari yetu mengi yalikuja yametumika Japani, na mengi yameshapita kwa fundi rangi hapa hapa mjini baada ya kukwaruzwa na bodaboda. Mlango uliopakwa rangi upya haufanani na ule wa kiwandani. Rangi mpya iliyokaushwa kwa hewa inaendelea kutoa thina yake polepole kwa wiki nyingi, na ukiifunga kwa silanti mapema, inafifia au kutokeza vipele. Subiri siku 60, na kama ilipakwa wakati wa masika, fika 90. Katika muda huo osha kwa maji na shampoo tu.

Kuna na magari ambayo fundi alipaka rangi bila klia juu. Utayajua hivi: weka polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe, sugua mahali palipojificha, kwa mfano chini ya mlango. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, hakuna klia. Silanti unaweza kupaka, lakini polishi iwe kidogo mno, kwa sababu unasugua rangi yenyewe.

Na paa lililobabuka, lenye mabaka meupe ambayo kingo zake zinainuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, hapo klia imekufa. Ukiona hivyo usinunue chochote. Dawa itaingia chini ya kingo na kufanya mabaka yaonekane zaidi. Huyo ni wa fundi rangi.

Plastiki nyeusi imeota weupe

Dawa imeingia kwenye vitundu vya plastiki ya bampa na kukauka. Mswaki mlaini, maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, taratibu. Safari ijayo ziba plastiki kwa tepu ya karatasi kabla hujaanza.

Kuiondoa

Sababu za kuiondoa zipo: imeshika mabaka mabaka, unataka kubadili aina, au gari linaenda kupakwa rangi. Hili la mwisho lisahauliwe na mtu yeyote. Silanti nyingi zina silikoni, na rangi mpya ikikutana na silikoni inajitenga na kuacha vishimo vya duara kama macho ya samaki. Mwambie fundi mapema kwamba gari lina dawa, asianze kupiga msasa kabla ya kulisafisha, maana msasa utaisukuma silikoni ndani.

Niliwahi kuiondoa silanti kwa thina. Ilikuwa Corolla ya mjomba, mlango wa nyuma, na mtu mmoja alikuwa ameniambia thina hutoa kila kitu. Ilitoa kila kitu. Mlango ule ulikuwa umepakwa rangi ya bei nafuu, na nilipoinua kitambaa kilikuwa kimegeuka buluu, na mlangoni pamebaki baka ukubwa wa sahani, limekunjamana, linanata. Mjomba alitazama, akanyamaza, akaingia ndani. Nililipa mimi kwa fundi, na mpaka leo nikiona mtu ameshika chupa ya thina karibu na gari namzuia hata kama simjui.

Njia ya salama inaanza kwa kilicho dhaifu. Osha gari kivulini kwa sabuni ya vyombo iliyokolea, mara mbili, ukisuuza katikati. Sabuni haiondoi silanti yote, inaidhoofisha na kutoa mafuta yaliyo juu. Kisha alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 kutoka duka la dawa, sehemu moja kwa sehemu mbili za maji, kwenye chupa ya kupulizia. Puliza kwenye kitambaa, panga eneo kwa eneo, pangusa, geuza kitambaa. Usiikaze ikawa kali zaidi ukidhani utamaliza haraka, alkoholi kali hulainisha klia. Usiiguse kabisa kwenye mlango uliopakwa rangi hivi karibuni. Na usifanye kazi hii karibu na jiko la mkaa au mtu anayevuta sigara.

Mwaga maji. Yakitanda sawasawa kama shuka na kuteremka taratibu, imeondoka. Yakibaki matone hapa na pale, hapo palipobaki matone pitisha polishi laini kwa mkono, sponji laini, mipito michache, na ufute. Polishi ndiyo inayoondoa kwa hakika, lakini kila ukipiga unapunguza klia, na klia yote ni unene wa nusu tu ya unywele wa kichwani. Usiigeuze kuwa kazi ya kila mwezi.

Noah ya mzee tuliisafisha Jumamosi ile ile kwa sabuni na alkoholi, ila boneti ilihitaji polishi kidogo kwenye vile vidoa. Jumapili saa 1 asubuhi tukairudia chini ya banda la duka lake, kwa chupa ile ile aliyotaka kuitupa, matone manne ya kunde kwa boneti. Mjukuu wake ndiye aliyekuwa anajaribu kwa kidole, na mara mbili alituambia tusubiri, tukasubiri. Gari likalala pale pale bandani, hakuna maji mpaka Jumatatu mchana. Mlango wa kushoto wa nyuma, uliopakwa rangi mwezi wa sita, tuliuacha bila kitu. Zamu yake ni mwezi wa tisa.